Nyota ya kaskazini haionekani Lubumbashi: tupimeje latitudo?

SWALI: Jambo Profesa. Niko mwaka wa kwanza wa fizikia hapa Lubumbashi. Silabusi yetu ya utangulizi wa astronomia inasema kimo cha nyota ya kaskazini juu ya upeo wa macho ndicho latitudo ya mahali ulipo. Sasa tumepewa kazi ya vitendo: tupime latitudo ya mji wetu. Nyota hiyo tumeitafuta hatuioni, na darubini hatuna. Tufanye nini?

JIBU: Jambo mwanangu. Hamtaiona hata mkikesha. Lubumbashi iko digrii 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo haipandi juu ya upeo wenu hata siku moja. Silabusi yenu imeandikwa kwa kufuata anga la Ulaya, na inaniuma kuona kozi zetu bado zinaanzia huko wakati anga letu lina mengi ya kufundisha.

Shikeni kanuni yenyewe: latitudo ni kimo cha ncha ya anga, ile sehemu ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Watu wa kaskazini wamepata nyota ng'avu karibu kabisa na ncha yao. Karibu na ncha ya kusini ipo Sigma Octantis, lakini ni hafifu mno, na kwa Lubumbashi iko chini sana, kwenye vumbi na moshi wa kiangazi. Iacheni.

Usiku tumieni Msalaba wa Kusini. Katikati ya mwezi wa tano, yapata saa tatu usiku, husimama wima upande wa kusini. Nyota yake ya chini, Acrux, iko karibu digrii 27 kutoka kwenye ncha. Pimeni kimo chake ikiwa imefika juu kabisa, kwa kipimapembe chenye uzi na kokoto, mtapata 38 au 39, toeni 27. Usiku ambao mtaa hauna umeme ndio bora kwa kazi hii.

Lakini ningekuwa mimi ndiye ninayesahihisha, ningetaka mpime mchana, kwa fimbo na jua. Simamisheni fimbo ya mita moja kwenye sakafu tambarare, muinyoshe kwa timazi kama fundi anavyonyosha ukuta. Chora duara kuizunguka fimbo. Asubuhi wekeni alama pale ncha ya kivuli inapogusa duara ikiingia ndani, na alasiri pale inapoligusa ikitoka. Gaweni nafasi kati ya alama hizo mbili katikati: mstari kutoka hapo hadi kwenye fimbo ndio kaskazini-kusini halisi. Kivuli kikilala juu ya mstari huo, ni adhuhuri ya jua. Msiamini saa ya mkononi, kwa sababu Lubumbashi iko magharibi ya meridiani (mstari wa longitudo) ya digrii 30 mashariki inayoongoza saa zetu: kwa wastani adhuhuri yenu hufika saa sita na dakika 10, na mwezi wa pili huchelewa hadi karibu saa sita na dakika 25.

Urefu wa kivuli ukigawanywa kwa urefu wa fimbo unawapa tanjenti ya pembe kati ya jua na utosi wa anga, yaani sehemu ya anga iliyo juu kabisa ya kichwa. Tarehe 21 Juni kivuli ni kama sentimita 70, kimelala kusini, na pembe ni digrii 35. Siku hiyo jua liko digrii 23.4 kaskazini mwa ikweta. Toeni, mnabaki na 11.6 au 11.7. Wengi hukosea kwenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kati ya Oktoba 24 na Februari 18 hivi jua hupita kusini mwa utosi wenu na kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini, kwa hiyo Desemba hesabu inageuka: 23.4 kutoa pembe mliyopima. Chora mchoro kwanza, kisha uandike hesabu.

Jambo la kutunza ni ncha ya kivuli. Jua lina upana wa nusu digrii, kwa hiyo ukingo wa kivuli hufifia, na mkikosea sentimita moja mwezi wa sita mmepotea karibu digrii 0.4, zaidi ya kilomita 40 ardhini. Fungeni juu ya fimbo kipande cha bati chenye tundu dogo, halafu mpime katikati ya doa la mwanga. Hapo urefu wa fimbo uhesabiwe hadi kwenye tundu.

Mkishamaliza, waandikieni wenzenu wa Bukavu wapime siku hiyohiyo. Bukavu iko digrii 2.5 kusini, na longitudo zenu zimepishana kidogo tu. Tofauti ya pembe itakuwa kama digrii 9.2, na umbali wa kaskazini-kusini kwenye ramani ni kama kilomita 1,018. Zidisheni umbali huo kwa 360, gaweni kwa 9.2: mzingo wa dunia, kilomita 40,000 kasoro kidogo. Eratosthenes, mtaalamu wa Ugiriki ya kale, alifanya hivyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwa tofauti ya digrii 7.2 tu. Ninyi mna nafasi pana kuliko yake.