Maswali ya Gari: IST "haijaguswa injini", na Vitz iliyouzwa ila faini zinaendelea

SWALI: Kaka habari za kazi. Nimepata Toyota IST namba D, ya mwaka 2004, cc 1490, dalali anasema injini haijaguswa na imetembea kilometa 72 elfu tu. Nimeijaribu, inavuta fresh ila ukiweka gia ya D inakaa kidogo alafu inaingia na mshtuko. Dalali anasema hiyo ni haidroliki (oili ya giaboksi) tu, elfu themanini inaisha kazi. Nilipie au niache? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Mdogo wangu, kama kweli elfu themanini inamaliza, kwanini mwenye gari asiitoe mwenyewe akauza bei nzuri? Hapo ndo pa kuanzia. IST za kwanza, zile za 2002 mpaka 2007, zina giaboksi ya kawaida ya gia 4, sio CVT (ile ya mkanda isiyo na gia) kama nyingi zilizofuata, kwahiyo ni imara na mafundi wengi wanaijua, ila gia ikichelewa kuingia maana yake presha ya ndani inachelewa kupanda, na sababu inaweza kuwa haidroliki imepungua, au imechoka, au kuna mtu kajaza aina nyingine, au sili na klachi za ndani zimeisha, na hiyo ya mwisho hata ukimwaga ndoo nzima haiponi.

Gari ikishapata moto iache inaunguruma, chomoa stiki ya giaboksi (sio ile ya oili ya injini) dondoshea tone moja kwenye tishu nyeupe. Ikiwa nyekundu au imefifia kidogo bado kuna matumaini. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mrudishie funguo yake, shukuru, ondoka. Na hiyo stiki isome, mara nyingi imeandikwa aina yenyewe, hizi zinataka haidroliki ya Toyota inayoitwa T-IV, sio yoyote nyekundu iliyokuwepo dukani siku hiyo.

Alafu nenda asubuhi bila kumwambia dalali unakuja saa ngapi, shika injini kabla haijawashwa. Ukikuta ya moto ujue ishapashwa ili usisikie kitu. Ikiwa baridi waambie wawashe, wewe sikiliza upande wa cheni (injini hii haina mkanda wa timing), ikikereza sekunde moja ikanyamaza sio mbaya, ikiendelea kukereza hapana. Mwenzako asimame kwenye ekzosi, moshi wa bluu ni oili inaungua, na hapo hadithi ya injini haijaguswa itakuwa kweli kwa maana mbaya.

Kilometa mimi siziamini kabisa, zinarudishwa kirahisi sana. Angalia raba ya pedali ya breki na usukani, 72 elfu haziwezi kula raba mpaka chuma kionekane.

Ukiridhika na vingine vyote, mpe bei iliyotolewa hela ya giaboksi ya mtumba pamoja na ufundi. Akikataa mwache, IST haziishi mjini.

SWALI: Niliuza Vitz mwaka jana, tukaandikiana, nikampa kadi ya gari na funguo. Mpaka leo hajabadilisha jina na faini za trafiki zinazidi kuingia. Nifanyeje? (Dada, Morogoro)

JIBU: Pole dada, ila kwa TRA (mamlaka ya mapato, ndo wanaosajili magari) hiyo gari bado ni yako, na faini inafuata namba ya gari, haimjui aliyeshika usukani. Tafuta nakala ya mkataba wa mauziano, kama ulipita kwa mwanasheria bora zaidi, alafu mpigie mnunuzi mkutane TRA mbadilishe jina mkiwa wote, yeye aje na TIN (namba ya mlipakodi) yake na kadi orijino. Asipopokea simu, peleka mkataba polisi na TRA uwaeleze uliuza tarehe gani. Kwenye mfumo wa faini wa polisi weka namba ya gari uone zipi zimeingia baada ya hiyo tarehe, moja ni elfu 30 na zikiwa kumi sio hela ya kumsamehe mtu. Siku ukiuza nyingine, kadi baki nayo mpaka mfike dirishani TRA.