Kompyuta pepe kwa biashara inayokua

Ndugu yangu, umeuliza kama duka lako la vipuri la Kariakoo, linalotarajia kufungua tawi Mbagala na kuongeza wafanyakazi kutoka 12 hadi 30, litanufaika na kompyuta pepe, yaani mfumo ambao kompyuta ya kila mfanyakazi huendeshwa ndani ya seva (kompyuta kuu) naye huitumia kupitia mtandao. Kwa maoni yangu litanufaika, ila si kwa sababu ya bei, kwani seva, leseni za programu na mshahara wa fundi vinaweza kukugharimu zaidi mwanzoni kuliko kompyuta za kawaida.

Faida kubwa ni kwamba programu na mafaili hukaa kwenye seva, na mezani kwa mfanyakazi hufika picha ya skrini tu; hivyo kompyuta mpakato ikiibiwa kwenye daladala, taarifa za wateja haziondoki nayo, jambo lenye uzito tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika Mei 2023. Mfanyakazi mpya hupewa nakala ya kompyuta pepe iliyokwisha kuandaliwa, badala ya fundi kuvuka mji kusakinisha programu moja moja, na umeme ukikatika Mbagala, kazi huikuta palepale alipoiacha, mradi seva yenyewe haikuzimika.

Udhaifu wake ni mtandao. Nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, intaneti ya nchi nzima iliyumba, na katika hali kama hiyo mwenye seva ng'ambo anaweza kukwama kabisa. Weka seva yako humu nchini, na kila ofisi iwe na laini mbili za intaneti kutoka kampuni tofauti.