Ukucha wa mbwa unaoning'inia

Pole sana ndugu. Ukucha wa mbwa wako ulionasa kwenye wavu wa geti ukabaki unaning'inia, usiuvute. Ndani mna mshipa wa damu na neva; atakung'ata hata kama anakupenda. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini, kisha kandamiza kidonda kwa kitambaa safi dakika 5 hadi 10 bila kuchungulia-chungulia. Wa kwangu damu ilikata nilipomchovya ncha ya kidole kwenye unga wa ngano. Kesho yake mwoshe mguu huo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na soksi avae akitoka nje tu. Panadol au diklofenaki usimpe kabisa, zinaweza kumuua. Hicho kipande akikate daktari wa mifugo, kwa ganzi. Ukiona usaha au mguu umevimba, usingoje.