Usisome tabia ya manukato kwenye jina la ua

Dada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama manukato ya asumini yaliyochanganywa kwa mkono, ambayo muuzaji anasema ni ya "mwanamke mpole na mtulivu", yatakufaa wewe unayesema wazi na kucheka kwa sauti. Pili, kama kweli manukato yanaweza kuwa na tabia. Naanza na la pili, kwa sababu likieleweka hilo, la kwanza halitakusumbua.

Tabia yanayo, ila haitoki kwenye jina la ua lililoandikwa kwenye chupa. Inatoka kwenye kile ambacho mtengenezaji amekiacha ndani ya lile ua na kile alichokiondoa. Nimevaa manukato ya maua na kujichanganyia mwenyewe kwa miaka mingi, na natamani kila mnunuzi alijue hili kabla hajasoma maelezo ya muuzaji yeyote.

Chukua hiyo asumini yako. Ndani ya ua la asumini kuna kijenzi kinaitwa indoli. Kikiwa kingi kinanuka vibaya, na kwenye kinyesi pia kimo. Kikiwa kidogo, kimezungukwa na vijenzi vitamu, ndicho kinachoipa asumini uzito wake wa usiku, ile harufu inayokaribia ngozi ya mtu. Sasa mtengenezaji ana uamuzi wa kufanya. Akiijenga asumini yake bila indoli, au kwa chembe tu, anapata harufu nyeupe na nyepesi, safi mno, na hapo maneno "mpole na mtulivu" yanaweza kuwa ya haki. Akitumia mafuta halisi ya asumini bila ubahili, anazaliwa mtu mwingine kabisa: anakutazama machoni, anasogea karibu kuliko ulivyotarajia, na haoni sababu ya kuomba radhi. Chupa zote mbili zitaandikwa asumini.

Waridi nalo linanishangaza hadi leo, kwa kuwa hapo ua ni lile lile na linalobadilika ni njia ya kulitoa mafuta. Waridi likikenekwa kwa mvuke, yaani likipikwa hadi mvuke wake upoe na kuwa maji na mafuta, kijenzi chake kimoja laini chenye utamu wa asali kinayeyuka na kubaki kwenye maji, ndiyo maana maji ya waridi yana harufu nzuri hivyo. Mafuta yanayoelea juu yanatoka makali kiasi, yana viungo na ubichi wa kijani. Likitolewa kwa kiyeyushi, kimiminika kinachoyeyusha mafuta ya ua, badala ya mvuke, kile kijenzi laini kinabaki ndani, na mafuta yanakuwa mazito, mekundu, ya kukumbatia. Nikiyanusa pamoja naona ndugu wawili waliolelewa nyumba mbalimbali. Mmoja ana akili kali na maneno machache, mwingine anakushika mkono anapozungumza. Na kumbuka kwamba kilo 1 ya mafuta ya waridi ya kukeneka hula kati ya tani 3 na 5 za maua, kwa hiyo mtengenezaji anayekuambia ametia waridi halisi huwa amelipima kwa matone. Muulize ni lipi kati ya hayo mawili. Anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa.

Mlangilangi wa Komoro ni hivyo hivyo. Wakati wa kukeneka, mafuta yanayotangulia hukingwa peke yake, kisha yanayofuata, kisha ya mwisho. Ya kwanza yanang'aa, yana uchangamfu wa ua bichi. Ya mwisho ni mazito, yana giza la mbao. Mtambo mmoja, siku moja, watu kadhaa.

Ngoja nikueleze manukato ninayoyapenda kuliko yote, kwa kuwa bila mfano haya yatabaki maneno tu. Ni asumini na mlangilangi juu ya sandali, na aliyeyatengeneza ni mtu mmoja anayejaza chupa zake mwenyewe. Dakika za mwanzo mlangilangi unatoka mbele na utamu wake mkali wenye kaukakasi ka dawa, na ukiishia hapo utasema huyu ni mtu wa kujionyesha. Wengi huishia hapo, wakarudisha chupa kwenye rafu. Baadaye asumini inapanda, indoli yake ikiwa haijaguswa, na yule mtu anatulia bila kupungua. Ni mwanamke aliyevuka miaka hamsini, ninavyomwona mimi. Amelea, amezika, na bado anacheka kwa kifua chote. Hakuambii unachotaka kusikia. Kufika jioni sandali ndiyo inayobaki, karibu na ngozi, na ukimya wake si wa aibu. Amekwisha kusema lake na hana haja ya kurudia. Nimeyavaa siku nilizokuwa na maamuzi mazito, na sioni haya kusema kwamba yalinisaidia kukaa wima.

Kuna wanaodhani tabia hiyo inapatikana tu kwa maua halisi. Sikubaliani nao. Nyinyoro ya mabondeni, kile kiua cheupe chenye umbo la kengele, hakitoi mafuta ya kutumika, hivyo harufu yake lazima ijengwe kwa vijenzi vingine. Hata hivyo mwaka 1956 mtengenezaji wa manukato Edmond Roudnitska alikijenga katika Diorissimo, manukato ya Dior, na aliyemo ndani ya chupa ile ni mtu kamili: kijana, mwepesi, makini, mwenye usafi usio wa kujisifu. Miaka minane kabla yake, 1948, mtengenezaji mwingine, Germaine Cellier, alikuwa amemtengenezea mbunifu wa mitindo Robert Piguet manukato yanayoitwa Fracas, yamejengwa juu ya tuberosi, ua jeupe lenye harufu nzito. Huyo akiingia kila mtu anageuka. Maua meupe yote mawili, na hakuna atakayewachanganya. Ndiyo maana nikiona mtu ameandika tu "manukato ya maua meupe, ya kike, laini", nafunga ukurasa.

Faida ya aliyetengeneza kwa mkono iko mahali pengine. Kiwanda kikubwa kinahitaji kila chupa ifanane na iliyotangulia, kwa hiyo kinasawazisha. Fundi mdogo anaweza kuliacha ua liwe lilivyokuwa msimu ule. Chupa yako ya pili inaweza kuwa na hasira kidogo kuliko ya kwanza, au utamu zaidi. Mimi nalipenda sana hilo. Kama wewe hulipendi, ni heri ulijue mapema.

Sasa kuhusu wewe. Huna haja ya manukato yanayokueleza kwa watu, sauti yako na cheko lako vinatosha kwa kazi hiyo. Tafuta ambayo ungependa kukaa nayo siku nzima, maana pua iliyo karibu nayo zaidi ni yako. Anayesema kwa sauti anaweza kupendeza sana akivaa kitu kinachonong'ona, na nimekutana na watu wakimya sana waliovaa tuberosi bila kufichika hata kidogo nyuma yake. Kinachoudhi ni kuvaa harufu kwa sababu umeambiwa mwanamke anapaswa kuwa hivyo. Hilo neno "mpole" la muuzaji, liweke pembeni kabisa.

Muombe kichupa kidogo cha majaribio na uulize kama asumini ni ya mafuta halisi au ya kujengwa, na chini yake pana nini: sandali, miski, au kitu kingine. Uliza pia kama imechanganywa kwenye alkoholi au kwenye mafuta. Ya alkoholi husambaa na watu huisikia, ya mafuta hukaa karibu nawe. Usiihukumu kwenye karatasi. Paka mkononi asubuhi, kitu kimoja tu siku hiyo, kisha endelea na shughuli zako. Usiinuse kila dakika, pua huchoka. Ukijikuta mchana umeuinua mkono kuunusa bila kukusudia, nunua. Ukijikuta unatafuta maji na sabuni, mrudishie kichupa chake, hata kama kila mtu siku hiyo alikusifia.