Unayeanza kusoma vitabu vya sanaa, uliza kwanza fundi alibanwa na nini

Wengi wanaoanza kusoma vitabu vya sanaa hukimbilia kurasa za uzuri na maana. Mimi, baada ya miaka mingi ya kusoma vya majengo na vya muziki kwa zamu, nakushauri uanzie chini zaidi: tafuta kilichombana aliyeitengeneza kazi hiyo. Alikuwa na mti gani, jiwe gani, dakika ngapi, na nani alishika mfuko? Mwandishi mzuri atakuwa ameyataja haya mahali fulani, mara nyingi katika sentensi moja ambayo msomaji mwenye haraka huiruka.

Chukua nyumba za mawe za Lamu. Karibu kila anayeziandika atakuambia kuwa vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kisha ataingia kwenye nakshi za zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Wewe baki kwanza kwenye huo wembamba. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazifai kuvuka nafasi inayozidi mita tatu hivi. Kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti, hata kabla fundi hajachimba msingi. Mwenye nyumba tajiri aliweza kurefusha chumba au kuongeza kingine nyuma yake, lakini kukipanua hakuweza. Ukishalishika hilo, mpangilio mzima wa vyumba vinavyofuatana kimoja nyuma ya kingine unaanza kueleweka.

Kuna na matumbawe. Yale laini yanayotolewa baharini huchongwa yakiwa bado mabichi, na yakikauka huwa magumu. Itazame tena picha ya mihrabu ya msikiti wa kale ukijua kwamba mistari ile myembamba ilikatwa wakati jiwe bado linakubali kisu. Mimi picha hizo huzitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyosoma maelezo yake.

Ramani za majengo nazo usizipite. Weka kidole mlangoni, uingie. Katika nyumba ya Lamu utaanzia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni ambako mgeni huketi, halafu tekani, njia ya kuingilia ambayo hukata kona ili mpita njia asione ndani, halafu kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa jua, halafu misana, vile vyumba virefu vinavyofuatana, mpaka ufike ndani kwenyewe. Kwa kawaida sakafu hupanda kidogo kadiri unavyoingia, na faragha huongezeka. Kidole kikimaliza safari hiyo, utakuwa umejua mengi juu ya mgeni, mke na heshima kabla hujasoma aya moja ya nadharia.

Swali lilelile ulipeleke kwenye muziki. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri za wakati huo zilibeba dakika tatu na kidogo kwa kila upande. Wimbo wa taarabu mbele ya watu haupimwi hivyo. Unaposikiliza rekodi za zama zile, sikiliza mahali wimbo unapokatwa na ujiulize ni beti ngapi zilibaki nje. Hali kadhalika rumba ya Kongo kwenye santuri ndogo za miaka ya 1960 na 1970: mara nyingi wimbo mrefu uligawanywa mara mbili, sauti za waimbaji zikatawala upande wa kwanza, na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikapata nafasi yake upande wa pili. Kitabu cha muziki kisichokuambia chombo cha kurekodia kilikuwa kipi kimekunyima jambo la msingi.

Halafu mfuko. Chukua bendi mbili za dansi za Tanzania: NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park baadaye ilikuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Aliyehama aliacha gitaa nyuma. Soma historia ya dansi la Tanzania ukiwa na picha hiyo kichwani, na yale mahamahama ya wanamuziki kutoka bendi hii kwenda ile, pamoja na nyimbo za kusifia sera, utaona yanatoka kwenye shina moja.

Hata hivyo msanii habanwi na vifaa na fedha tu. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya muziki na siasa za utamaduni Tanzania, anaikazia macho hadhira. Mwanamke anainuka katikati ya wimbo wa taarabu, anakwenda taratibu mpaka jukwaani na noti mkononi, na anatunza pale hasa ubeti anaoutaka unapoimbwa. Aliyekusudiwa ameshaelewa, na mshairi hakumtaja mtu yeyote. Kwangu mimi hili ni kati ya mambo makubwa kuandikwa juu ya taarabu, kwa sababu linaonyesha kuwa maana ya wimbo haimalizwi na aliyeutunga.

Jambo lingine ni mwaka wa kuchapwa. Uangalie kabla ya kufungua sura ya kwanza. Vitabu vingi vya zamani kuhusu miji ya pwani viliiona kama kazi ya wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 ulionyesha msikiti ukijengwa upya mahali palepale, kwanza kwa miti na udongo, baadaye kwa mawe, kuanzia karne ya 8. Vipimo na michoro ya vitabu vya awali bado ni hazina, na mimi navitumia hadi leo. Hukumu zake ndizo za kupima upya.

Ukitaka pa kuanzia kwa Kiswahili, chukua Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Ni kitabu chembamba. Anamtukuza waziwazi, kama kielelezo cha juhudi kwa wanawake na wanaume, nawe kisome ukilijua hilo. Kisha zitafute rekodi zake, uzisikilize na kitabu kikiwa wazi mezani, penseli mkononi.