Je, Aaron Donald aliwahi kubadilisha timu?

Hapana. Beki huyu wa futiboli ya Kimarekani aliichezea Rams, timu ya ligi ya NFL, misimu yake yote 10, kuanzia 2014 hadi alipostaafu Machi 2024. Timu ndiyo iliyohama, kutoka St. Louis kwenda Los Angeles mwaka 2016, naye akaenda nayo.

Rams walimchagua akiwa wa 13 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi, maana wengi walimwona mfupi kwa beki wa katikati ya safu ya mbele. Ufupi gani huo! Alimwangusha kwotabeki (mrusha pasi wa wapinzani) akiwa na mpira mara 111, akawa beki bora wa ligi mara tatu: 2017, 2018 na 2020. Fainali ya Februari 2022, wapinzani Bengals wakiwa nyuma 23-20, ni yeye aliyemvuta kwotabeki wao Joe Burrow kwenye jaribio lao la mwisho, pasi ikapotea.