Mizani kwanza, andiko baadaye

Mahindi ya masika yameanza kupanda mlimani Kilimanjaro kutoka mashamba ya tambarare, na maswali yenu wasomaji kuhusu chakula nayo yamepanda. Mengi yanaomba namba ya simu ya mfadhili. Hayo nimeyaweka kwenye jibu la kwanza, tumalizane.

Sisi ni akina mama 18 wa Kibosho, tuna VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa. Tunataka mradi wa uhakika wa chakula. Andiko la kupata mfadhili linaandikwaje?

Mama zangu, barua yenu inataja katiba, muhuri, mwenyekiti, katibu na akaunti ya benki. Gunia halikutajwa hata mara moja. Nauliza kwa heshima: mmewahi kununua nini pamoja? Mmeuza nini pamoja? Kama hamjawahi, andiko litakuwa hadithi, na watu wa miradi wameshasoma hadithi nyingi.

Mlima huu ndio uliozaa chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933. Kahawa ilikuwa tayari kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, chama kikafuata. Siku hizi tunaunda chama kwanza, halafu tunazunguka kukitafutia kazi.

Fanyeni hivi. Tengeni sehemu ya hisa zenu sasa, wakati mahindi ni mengi. Msipite kwa dalali. Tafuteni kikundi cha wakulima huko Kahe au Mabogini, mkae nao, mpatane bei kwa kilo, mwandikiane. Wao wana mahindi na mpunga. Ninyi mna ndizi mshare, maparachichi na maziwa, ambavyo kule chini havipatikani kirahisi. Bibi zenu walibadilishana vitu hivyo sokoni bila semina wala posho ya nauli.

Magunia yakae sehemu moja, kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio ndugu, na daftari kwa mtu wa tatu. Gunia lisitoke kabla ya Januari. Likitoka, mwanachama ndiye anunue kwanza, kwa bei mliyonunulia pamoja na gharama ya mifuko na usafiri. Na msikopeshane debe la dharura mwezi wa tisa, hata kwa mwenyekiti. Hasa kwa mwenyekiti.

Mtaji ukiwa mdogo, kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Lakini ni mkopo, na mkopo hurudishwa, jambo ambalo vikundi vingi hulikumbuka baada ya kununua sare za kitenge. Mwoneni ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na mwende na daftari la manunuzi mkononi. Mfadhili naye akija akakuta ghala lina gunia 40, yeye ndiye atakayewaomba mpige naye picha.

Dawa nzuri ya dumuzi ni ipi? (Wengi, kila wiki.)

Nimelijibu hili mpaka dumuzi wenyewe wanalijua jibu. Kausha mahindi, yatie kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, kila tabaka lifunge peke yake. Wadudu wanakosa hewa, wanakufa. Dawa haihitajiki. Kama hujui yamekauka, weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Msomaji wa Pasua aliyeandika kwamba anaweka vidonge vya kufukizia kwenye magunia yaliyo chumba cha watoto: yaondoe magunia hayo leo, usisubiri kesho. Gesi ya vidonge vile inaua watoto kama inavyoua wadudu. Ni kazi ya fundi aliyefunzwa, kwenye ghala ambalo halilali mtu.

Shule inatudai debe la mahindi na maharage kila muhula. Si walisema elimu ni bure? Naweza kukataa? (Mzazi, Usa River)

Iliyofutwa mwaka 2016 ni ada na michango ya lazima. Makande hayakuwemo. Mchango wa chakula hupangwa na wazazi wenyewe kwenye kikao, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa. Swali lako limejibiwa. Sasa la kwangu: siku ya kikao ulikuwa wapi?

Maana tatizo la shule nyingi huku kwetu si debe, ni tarehe. Michango inaitishwa Januari, wakati bei iko juu na kila mzazi anahangaika na sare na madaftari. Tupige hesabu. Shule ya watoto 300, kila mmoja gramu 120 za mahindi na 40 za maharage kwa siku, siku 190 za masomo. Hiyo ni kilo 6,840 za mahindi, yaani magunia 68 na ushee ya kilo 100, na kilo 2,280 za maharage. Huyo ni mteja mkubwa kuliko maduka yote ya kijijini pako! Na mteja huyo anakwenda sokoni mwezi ambao bei ni mbaya kuliko yote, akiwa na ndoo.

Kamati ya shule ikae na kikundi cha wakulima wa kata hiyohiyo kabla ya kuvuna. Wapatane kilo, bei, na siku ya kupeleka. Mzazi mwenye shamba atoe mahindi, yapimwe mbele yake. Asiye na shamba atoe fedha kidogokidogo kuanzia mwezi wa tano. Mwenye mashine ya kusaga ni mzazi pia, na mwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, ni mzazi. Wahesabiwe walichotoa kama wengine. Mizani ikae mlangoni pa stoo na matokeo yabandikwe ukutani kila mtu asome. Mwalimu mkuu asiachiwe mzigo huu peke yake, wala asiachiwe ufunguo peke yake.

Bustani ya shule itoe mboga, isihangaike na mahindi. Hapo Tengeru, jirani yako, kuna TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kuna watafiti wa Kituo cha Mboga Duniani ambao wameshughulikia mnavu na mgagani kwa miaka mingi. Nendeni mkaulize mbegu. Na mpishi alipwe. Shule inayosifiwa kwa chakula huku mama mpishi anadai miezi mitatu haijajitegemea, imemkopa mama wa watu.

Nikipanda kwenye viroba hapa kibarazani, naweza kulisha familia ya watu sita? (Kijana, Njiro)

Mboga utapata. Unga utaendelea kununua.

Mahindi yangu yameota ukungu kidogo. Hatuwezi kuyala. Niwape ng'ombe? (Mfugaji, Sanya Juu)

Hapana. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, inapita kwenye maziwa, na maziwa hayo anakunywa mwanao au wa jirani. Kuchemsha hakuiondoi, kukoboa kunaipunguza tu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hii, na si mbali na hapa. Wala usiyauze kwa bei ya kutupa. Mahindi ya bei ya kutupa yana tabia ya kuishia kwenye masufuria ya shule, kwa hiyo kamati zinazofurahia bei nafuu mwezi wa pili zifungue magunia mpaka chini.

Tuko mama lishe sita, soko la Kilombero. Tukinunua viazi kwa pamoja moja kwa moja kwa mkulima, tutapata lumbesa kama za dalali? (Arusha)

Kununua pamoja, ndiyo, anzeni hata wiki hii. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, hapana. Sheria ya Vipimo inaikataza na kila asubuhi tunaipisha barabarani. Najua inawafaa kwa leo kwa kuwa mfuko ni mnene. Mkulima aliyelipwa gunia moja kwa gunia moja na nusu mwakani atapanda kitu kingine, nanyi mtanunua viazi vilivyosafiri kutoka Njombe na nauli yake. Lipeni kwa kilo, mtabaki na mkulima.

Watu wa juu wanafunga maji ya mfongo zamu yetu ikifika, mboga zinakauka. Tuwashtaki wapi? (Uru)

Anzeni kwa wazee wa mfongo, huo mfereji wenu wa asili, zamu ziandikwe upya, pande zote mbili zikiwepo. Ikishindikana, undeni jumuiya ya watumia maji chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 na mwende Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Wanasikiliza jumuiya kuliko mtu mmoja mwenye hasira. Kabla hamjaenda kokote, tazameni orodha ya waliojitokeza kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, wa mwisho wa kuzibua mfongo. Watu wa juu wataiulizia, na wana haki ya kuiulizia.